Mwisho wa Treni ya Magadi

Ukimwambia Waithera kwamba kitabu fulani kimekufa, atakuuliza kimezikwa wapi ili akakifukue. Ndivyo alivyo, na watu wa Kitengela wameshamzoea. Duka lake liko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, chumba kimoja cha mabati chenye mashine mbili za kuchapa, na kazi inayomlisha ni programu za mazishi na kadi za harusi. Watu hufa kila wiki na huoana kila Desemba, kwa hivyo halali njaa.

Lakini mashine zikipata nafasi, Waithera huzipa kazi anayoipenda mwenyewe. Vile vitabu vidogo vya zamani vya Kiswahili, vya karatasi hafifu na majalada ya kutisha, ambavyo baba zetu walivisoma na kuvificha chini ya godoro ili mama zetu wasione picha ya mbele! Vitabu vya majini, vya wapelelezi, vya vyombo vinavyotua kutoka angani. Waithera huviokota kwenye mitumba na kwa wauza njugu kabla havijageuzwa vifuko, akavipanga upya maneno yote, akavichapa na jalada lile lile la kutisha. Ameshafufua *Karani Aliyekufa Mara Mbili* na *Mkono Ndani ya Friji*, na nikwambie, hicho cha pili usikisome ukiwa peke yako halafu uende kutafuta maziwa jikoni.

"La kuvunda halina ubani," dada yake humwambia. "Si uchape kalenda tu kama wenzako?"

Waithera hucheka, kalenda akachapa, na vitabu vyake haviachi.

Mwaka jana aliingia dukani mzee mmoja mrefu, kofia mkononi, jina lake Opiyo. Alikuwa karani wa reli siku zake, sasa anaishi kwa mwanawe hapa hapa Kitengela. Amefiwa na mkewe, Ajwang, na amekuja kuchapisha programu. Wasifu wa marehemu aliuandika kwa mkono wake, na mstari wa mwisho ulisema: "Marehemu alikuwa mke wa mwandishi."

Kwa kawaida Waithera hahoji maneno ya wafiwa. Siku hiyo alishindwa. "Pole sana, Mzee. Mwandishi wa nini?"

"Kitabu kimoja tu, nyathina, mwanangu. Zamani sana. Hata wewe hukuwa umezaliwa. Kiliitwa *Treni ya Magadi Hairudi*."

Ala! Waithera aliacha mashine ikilia, akaingia nyuma ya pazia, akatoka na kitabu chenyewe. Alikuwa nacho miaka miwili kwenye kreti la soda. Mzee Opiyo alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Alidhani hakuna nakala iliyobaki duniani. Yake ilikwenda na mafuriko, na kampuni iliyokichapa ilifungwa kabla hata hajalipwa vizuri.

Akafungua ukurasa wa mwisho, akakunja uso.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Karatasi ya mwisho ilikuwa imekatwa kwa wembe, sawasawa, karibu na mshono. Hadithi inahusu treni ya abiria inayopotelea kwenye ukungu mweupe juu ya ziwa la magadi, na karani wa stesheni ya Kajiado ambaye mkewe alikuwa ndani ya treni hiyo. Kila jioni karani anasimama kwenye reli na taa yake. Mataa ya ajabu yanaonekana chini ya magadi, watu wanasikia honi, na mwishowe, jioni moja, reli zinaanza kutetemeka. "Karani akainua taa, akaona," kitabu kinasema, kisha hakisemi tena.

"Akaona nini?" Waithera aliuliza. Swali hilo lilikuwa limemkaa kooni miaka miwili.

Mzee alitafuta jibu mpaka macho yakamlowa. "Mungu wangu. Sikumbuki."

Alirudi dukani baada ya mazishi, na akaendelea kurudi. Waithera alimwambia wazi: nataka kukichapa hiki kitabu, Mzee, nikuwekee mkononi. Naye akajibu wazi. Moyo wake haukuwa mzuri, daktari alikuwa amemshauri asipange mambo ya mbali, na hakuna kitu alichokitamani kama kukiona kitabu chake tena. Lakini bila mwisho wake wa haki hakitatoka.

"Wahenga walisema hakuna marefu yasiyo na ncha," alisema. "Changu kimekosa. Na usinitungie, nakujua. Mtoto wa mtu havishwi kichwa cha mtoto mwingine."

Waithera aliona haya, maana alikuwa ameshaanza kutunga.

Basi akakipekua upya kitabu kile, na ndani ya jalada akaona muhuri wa wino wa zambarau uliofifia, ambao siku zote aliudhani doa: KWA MUTHOKI, CHAI NA VITABU, NAMANGA. Jumamosi iliyofuata alifunga duka, akaenda.

Kumbe Muthoki bado yupo! Amepita miaka sabini, miwani yake imefungwa kwa uzi, na bado anauzia chai madereva wa malori wanaongoja karatasi zao zipitishwe mpakani. Wauza shanga walimwonyesha Waithera kibanda bila hata kuuliza ni Muthoki yupi. Waithera alimwamkia, akaketi, akatoa kitabu kwenye mkoba.

Muthoki alikitazama, akaita kwa sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo, upande wa Tanzania: "Lemein! Mbwa wewe! Miaka yote hii!"

"Lemein ni nani, shosho?" Waithera aliuliza, akimwita kama bibi yake.

"Dereva. Alikichukua akasema anarudi Alhamisi."

Ndipo akaeleza. Zamani madereva walikuwa wakikwama hapo hata wiki mbili, hawana redio, hawana simu, ni kucheza karata na kugombana tu. Akaanza kuwaazima vitabu. Lakini dereva utamwambia aache nini ndiyo arudi? Kitambulisho anakihitaji barabarani, na mfukoni hana kitu. Kwa hivyo Muthoki alikata karatasi ya mwisho ya kila kitabu, akaiweka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Ukirudisha kitabu, unakaa, unapewa chai, unasomewa mwisho mbele ya wenzako.

"Mwanaume anaweza kutoroka mke, anaweza kutoroka hata kanisa," alisema. "Lakini hawezi kutoroka kama hajajua nani aliua. Ni huyu Lemein peke yake aliyenishinda."

"Na mkebe uko wapi?" Waithera alishika meza.

"Mchwa walikula. Mkebe ulipata kutu, wakapitia hapo, sikupata hata kipande."

Muthoki akanyoosha mkono. "Lakini mimi ndiye nilikuwa nasoma. Unafikiri huo wa treni nimeusoma mara ngapi? Rudisha kitabu, nikwambie."

"Shosho, hii ndiyo nakala pekee."

"Niko na sheria yangu. Kitabu kwanza."

Jamani! Kurasa Waithera alikuwa ameshazipiga picha zote, hilo ni kweli, lakini kitabu ni kitabu, na alikipenda kile. Alikisukuma mezani kama mtu anayemkabidhi bibi harusi. Muthoki alikipangusa kwa aproni, akakiweka kwenye rafu, akamimina chai. Waithera akawasha simu irekodi. Madereva wawili wa meza ya pili waliacha maandazi yao wakageuka kusikiliza.

Muthoki alifumba macho. Karani akainua taa, akaona treni inaingia polepole, nyeupe yote kwa magadi. Milango ikafunguka. Abiria wakashuka wakipangusa viatu, hakuna hata mmoja aliyezeeka. Wa mwisho alikuwa mkewe karani. Alimtazama mumewe, nywele zake zilivyokuwa na mvi, shati lilivyomlegea, akamuuliza, "Umekula?" Na hapo ndipo mwisho.

Waithera alilia mbele za watu wala hakujali. Dereva mmoja alijifanya anapenga kamasi.

Jumapili baada ya kanisa alikuwa barazani kwa Mzee Opiyo, simu juu ya meza, furaha imemjaa. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Iliposema "Umekula?" akapiga sakafu kwa fimbo.

"Uongo! Nani amewarudisha watu wangu?"

Waithera alishtuka. Mzee alikuwa amesimama, na maneno yakaanza kumtoka yenyewe, yale aliyoyatafuta tangu siku ile dukani. "Karani akainua taa, akaona reli tupu mpaka macho yalipokoma. Akangoja mtetemo uishe. Akazima taa, akaenda nyumbani, na kesho yake hakuja." Akaketi. "Ndiyo huo. Ndiyo huo, nyathina! Hasira imeurudisha."

Waithera aliuandika mbio mbio nyuma ya programu ya kanisa. Ulikuwa mwisho mzuri, wa baridi, uliomsimamisha nywele. Sasa kitabu kina ncha. Alitaka kukimbia dukani saa hiyo hiyo.

"Kwanza nipigie huyo mama," Mzee akasema. "Nataka kumwambia jambo."

Muthoki alipokea, nyuma yake malori yakinguruma. Mzee akamwambia yeye ndiye mwandishi, na kwamba watu wale walikufa.

"Kumbe ni wewe uliyewaua!" Muthoki alisema. "Mzee, niliusoma huo wako mara moja tu. Dereva mmoja hapa alikuwa na mke hospitali Mombasa, yeye amekwama kwangu siku ya tisa. Akatoka nje akakaa chini ya lori, hakula. Kesho yake nikairudisha mwenyewe hiyo treni, na sijawahi kuipoteza tena. Unataka kunishtaki, nishtaki."

Simu ikakatika. Upepo wa Kitengela ukapiga mabati ya baraza, na Waithera akangoja Mzee aombe kupigiwa tena ili wagombane. Hakuomba.

"Iweke tena ile rekodi," Mzee alisema. "Hapo mwisho tu."

*Umekula?* sauti ya Muthoki ikauliza. Akaomba tena, na tena.

"Unajua, Ajwang aliusoma mwisho wangu tukiwa wachumba," alisema baadaye. "Akaniambia, Opiyo, unaandika vizuri lakini hujawahi kumngoja mtu. Nilimcheka. Nilikuwa kijana, nilidhani huzuni ndiyo akili." Alijifuta macho bila kuficha. "Chapa wa Muthoki."

"Mzee! Si ulisema wako wa haki?"

"Wangu nimeukumbuka, inatosha. Chapa wake, na jina lake uliweke humo ndani, karibu na langu."

"Na jina la kitabu je? *Treni ya Magadi Hairudi*. Na inarudi!"

"Liache vivyo hivyo. Mtu aingie akijua hairudi."

Kitabu kilitoka mwezi wa nne, katikati ya kazi ya harusi mbili. Nakala ya kwanza Waithera aliituma Namanga, na habari iliyorudi ni kwamba Muthoki ameshaikata kwa wembe. Ya pili alimwekea Mzee mkononi, pale pale kwenye kiti cha wateja.

Hakuanza mwanzo. Alifungua karatasi ya mwisho, akasoma akifuata mistari kwa kidole, midomo ikicheza. Kidole kilipofika chini, kwenye *Umekula?*, kikasimama.

"Bado," alisema kwa upole, si kwa Waithera. "Bado, Ajwang."

Waithera alizima mashine, akatoka kwenda kumnunulia chapati.