Pembe Mbili za Shuka

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Ni refu, ni pana, na likigusa sakafu tu linarudi kwenye maji. Ndiyo maana katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali moja watu walikunja wawili wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, wanavuta, wanalikung'uta mara moja, kisha wanasogeleana mpaka vidole vinagusana. Hapo mmoja anabaki amesimama na pembe zote nne, na mwenzake anainama kudaka pindo lililoning'inia. Ukifanya hivyo na mtu mmoja miaka tisa, utakuwa umegusa vidole vyake mara nyingi kuliko vya mumeo.

Mama Pacha alifanya hivyo miaka tisa, na mtu mwenyewe alikuwa Jemadari.

Jemadari hakupewa jina hilo na wazazi wake, wala hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake, ingawa alilijua vizuri na huenda lilimpendeza. Hakuwa bosi. Hilo lieleweke mapema, kwa sababu kila mgeni aliyeingia pale alimwamkia yeye kwanza. Msimamizi halisi alikuwa bwana mmoja mtaratibu, mwenye ofisi ya kioo, ambaye alipotaka kuingia chumba cha kukunjia alipiga hodi. Jemadari alikuwa mkunja mashuka kama wenzake, mshahara uleule, aproni ileile. Lakini yeye ndiye aliyeamua dirisha lipi lifunguliwe, nani atundike mkoba kwenye msumari upi, na redio inyamaze saa ngapi. Ulipomaliza rundo lako ukajinyoosha mgongo, alikuja taratibu, akapitisha kidole ubavuni mwa rundo, na kidole kikikwama popote alilivuruga lote.

"Anza upya," alisema. Hakupandisha sauti. Angepandisha ya nini, na watu walikuwa wameshaanza upya?

Wengi walijaribu kupimana naye ubavu. Mmoja aliomba kuhamia jikoni, mwingine aliacha kazi kabisa. Mama Pacha naye, wiki za kwanza, alikuwa akijifungia chooni kulia, anafungua bomba ili asisikike. Kisha akachoka kulia, akaanza kumsoma yule mwanamke kama unavyosoma jiko bovu ulilorithi, mpaka ujue linawakaje. Aligundua kwamba Jemadari haamkiwi kabla hajatundika mkoba wake. Kwamba ukitaka dirisha lifunguliwe usiseme unasikia joto, sema mashuka yanachelewa kukauka, naye atakwenda kulifungua mwenyewe. Kwamba mlango wa chumba, uliokuwa umelegea bawaba, lazima uinuliwe kidogo ndipo usukumwe, na asiyeuinua huitwa arudi aufunge upya, hata awe daktari. Kubwa kuliko yote, aligundua kwamba Jemadari akikuambia umekosea, ukitoa sababu mtakaa hapo mpaka mchana. Ukisema "ndiyo, dada," yanaishia palepale na anakuacha.

Kwa hiyo alimwachia dirisha, redio na upande wa meza wenye mwanga. Alijibakizia kitu kimoja tu, kuimba mdomo ukiwa umefumbwa wakati wa kukunja. Jemadari, aliyechukia hata mtu kupiga chafya mara mbili, hakuwahi kumkataza.

Siku moja tu aliusema wimbo huo. Ilikuwa Jumatatu ambayo Mama Pacha alirudi kazini baada ya kumzika mumewe. Walikunja kimyakimya mpaka saa nne, ndipo Jemadari akauliza bila kuinua uso, "Redio yako imeharibika?"

Chumba kizima kilisikia. Watu walitazamana, wakatikisa vichwa. Kweli kuna mioyo ya jiwe. Mama Pacha alihisi kama amepigwa kofi. Alivuta pembe zake, wakaendelea.

Kuna jambo ambalo wanaosifiwa kwa kupatana na watu wagumu hawaambiwi. Unapatana na yule mmoja, halafu wengine wote wanakuhesabu kuwa wake. Wakati wa chai wenzake walikaa nje kwenye benchi refu, wakicheka mpaka wakapigana mabegani. Mama Pacha akitokea mlangoni na kikombe chake, mazungumzo yalikatika, na mtu akanong'ona, "Mkia umefika." Walidhani anapeleka maneno. Jemadari mwenyewe alikunywa chai yake amesimama dirishani, kawapa watu wote kisogo, na hakuwahi kumwambia mtu "karibu." Basi Mama Pacha alikunywa ya kwake ndani, katikati ya magunia ya sabuni.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Alikaa vyumba viwili. Pacha wake walikuwa wanaume wazima sasa, wanafanya kazi mji mmoja wa mbali, na kila Jumapili walimpigia kwa simu moja. Mmoja akianza sentensi mwenzake anaimalizia, wanataniana, wanabishana nani alimwahi nani kuzaliwa, na mama yao anasikiliza tu mpaka wanakumbuka yupo. "Sawa, wanangu," alisema, nao wakakata. Shuka lake kubwa la kitanda, yeye aliyekunja mia mbili kwa siku, alilikunja kwa kulitandaza juu ya godoro na kulizunguka upande huu na upande ule, kwa sababu hakuwa na wa kumshikia.

Sasa ilitokea hivi. Katika chumba kile alikuwepo mpiga pasi mmoja, mwanamke wa vicheko, aliyependwa na kila mtu. Siku moja aliletewa habari kwamba mwanawe ana homa kali, na msimamizi akamruhusu aondoke saa nane. Alipokuwa anavua aproni, Jemadari akapitisha kidole kwenye rundo lake la foronya. Kidole kikakwama.

"Anza upya."

"Dada, mtoto anaumwa. Nimesharuhusiwa."

"Na hizi foronya zinakwenda kwa nani? Kwa wazima?"

Mpiga pasi alizikunja upya zote, machozi yanadondokea kwenye kitambaa, akatoka saa kumi. Mtoto alipona baada ya siku tatu. Moyo wa mama yake haukupona, na nani atamlaumu. Wiki hiyohiyo barua ya malalamiko ikaanza kuzunguka, imeandikwa vizuri, na katikati yake sentensi moja iliyopigiwa mstari: Sisi tuliotia saini hatuwezi kufanya kazi na mtu huyu. Chini yake majina tisa.

Msimamizi aliisoma, akakuna shingo, akairudisha. "Anayekunja naye kila siku hayumo humu," alisema. "Huyo akisema anaweza, mimi nitasimamia wapi?"

Hivyo ndivyo jambo zima lilivyomwangukia Mama Pacha, aliyekuwa ametulia kama maji ya mtungini. Saa ya chai mpiga pasi alimfuata mpaka kwenye magunia.

"Mama Pacha, unajificha nini huku na sabuni? Njoo ukae na sisi."

Walisogea wakampa nafasi katikati ya benchi. Mtu akamjazia kikombe. Mwingine akamuuliza habari za pacha, nani mkubwa, wameoa au bado. Kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kumuuliza. Alijibu, wakacheka pale palipostahili kuchekwa, na bega la mpiga pasi likawa limeegemea bega lake, zito na la moto. Tangu mumewe afe hakuwa ameegemewa na mtu. Kisha barua ikawekwa mapajani mwake pamoja na kalamu.

Aliisoma ile sentensi mara mbili. Hatuwezi. Yeye alikuwa ameweza, siku baada ya siku, na alijua. Lakini alijua pia kwamba akiirudisha kalamu atasimama, na akisimama nafasi ile kwenye benchi itazibwa. Akatia saini.

Haki ilikuwa upande wao, hilo halina ubishi. Anayemzuia mama kwenda kwa mtoto mgonjwa anastahili kuondolewa katikati ya watu. Ila Mama Pacha hakutia saini kwa ajili ya mtoto. Alitia kwa ajili ya benchi.

Jemadari alihamishiwa stoo ya chini, kwenye mashuka ya akiba, peke yake. Siku ya kuondoka alichukua mkoba kwenye msumari, akapitisha kidole mara ya mwisho kwenye rundo alilokunja na Mama Pacha asubuhi, akatoka. Mlango aliufunga vizuri.

Wiki ya kwanza benchi lilikuwa raha tupu. Ya pili Mama Pacha akaanza kuona anacheka kwa kuchelewa. Mizaha yao ilikuwa ya zamani. Mtu akitaja neno moja tu, wote wanavunjika mbavu, naye anabaki anatabasamu kama aliyeingia harusi ya wasiomjua. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa tu na miaka tisa ya hadithi ambazo yeye hakuwemo. Halafu siku moja, akiwa bado hajafika mlangoni, alimsikia mmoja akisema, "Mwenzangu, huyu wa kumchunga. Kamshikia yule shuka miaka yote, na kamgeuka kwa kikombe cha chai." Mpiga pasi akasema, "Nyamaza, anakuja." Wakasogea tena, wakampa nafasi, pembeni kidogo.

Kazini alipewa mwenzake mpya, dada mwenye visikilizio masikioni kutwa nzima. Mama Pacha aliimba mdomo umefumbwa, na hakuna aliyesikia. Huyu mpya alivuta kabla ya wakati, vidole vilipishana, na daima yeye ndiye aliyebaki amesimama, Mama Pacha ndiye wa kuinama. Ilikuwa ni katika kuinama huko, mgongo unamuuma, alipokumbuka kitu. Jemadari hakuwa mtu wa kuinama. Miaka yote alisimama na pembe nne, wengine wakadaka pindo. Lakini Jumatatu ile baada ya mazishi, shuka baada ya shuka, mpaka saa ya kutoka, aliyeinama alikuwa Jemadari. Mama Pacha alikuwa hajaliona jambo hilo kabisa. Alikuwa amesikia lile neno la redio tu.

Kikombe cha bati cha Jemadari kilikuwa bado kinaning'inia karibu na dirisha, hakuna aliyekigusa. Alhamisi, saa ya chai, Mama Pacha alikiosha, akakifuta, akashuka nacho stoo.

Alimkuta kampa mgongo. Ukutani kulikuwa na misumari miwili, imepigwa usawa wa mabega, na kwenye kila msumari kibanio cha nguo. Shuka lilikuwa limebanwa pembe mbili pale ukutani. Jemadari alishika mbili zilizobaki, akavuta, akakung'uta, akausogelea ukuta mpaka vidole vyake vikaugusa. Akazibandua pembe, akazishika zote nne kwa mkono mmoja, akainama mwenyewe kudaka pindo. Rundo la pembeni yake lilikuwa limenyooka, hata uzi haukujitokeza.

"Habari za huku, dada."

Jemadari alimaliza kwanza kuliweka shuka juu ya rundo. "Nzuri."

"Nimekuletea kikombe chako."

"Weka hapo." Aliona kilipowekwa. "Siyo hapo. Pale."

Mama Pacha akakihamisha. "Nikusaidie? Naona yamebaki mengi."

"Yanakunjika."

"Dada, ile barua..."

"Niliisoma. Msimamizi mwenyewe alinipa niisome." Jemadari alibana shuka lingine ukutani, pembe ya kwanza, pembe ya pili. "Wale tisa sina neno nao. Waliandika kwamba hawaniwezi, na kweli hawakuniweza." Akageuka, akamtazama. "Wewe uliniweza."

 Mama Pacha alitaka kumwambia habari za benchi, na za ile Jumatatu, na kwamba huko juu hakuna anayejua kuinama. Lakini katika miaka tisa alikuwa amefundisha ulimi wake jibu moja tu kwa mwanamke huyu.

"Ndiyo, dada," alisema.

Na kama kawaida, yakaishia palepale. Jemadari alimwacha, akaugeukia ukuta wake.

"Ukitoka, funga mlango."

Mlango wa stoo ulikuwa mpya, bawaba zake nzima. Mama Pacha aliuinua kidogo hata hivyo, akausukuma. Alisimama nje, mkono bado kwenye kitasa, huenda akaitwa arudi aufunge upya. Ndani alisikia shuka likikung'utwa, kisha jingine, kisha jingine. Hakuitwa.