Spika Iliyosemekana Imekufa

Tangu simu za mkononi zizagae Morogoro mjini, kila baraza lina fundi wake. Juzi mama mmoja wa Bigwa, mshonaji nguo, alimpelekea fundi wa baraza letu simu isiyotoa sauti, nami nipo pale na yangu. Fundi akaitikisa mara moja.

"Spika imekufa, mama. Niachie, uje kesho."

Mama akaing'ang'ania kwa mikono miwili. "Umejuaje, hujaifungua? Ifungue hapa hapa, nikiona."

Fundi akaifungua shingo upande. Ndani mlijaa vumbi la nyuzi.

"Cherehani ikikwama, mimi husafisha kwanza," mama alisema.

Fundi akapitisha mswaki mkavu. Alipoijaribu, simu ikalia hadi wapita njia wakageuka.

Mimi nami fundi huyo huyo alikuwa ameshaniambia spika ya simu yangu imekufa, nikakubali. Kabla sijasema neno, fundi akanigeukia: "Kaka, hebu na yako niipige mswaki."