Saa Nilizomwibia Espe

Kila mwaka baridi inapoanza, nikifungua dumu la maji ya buluu ya kuoshea kioo cha gari, harufu yake hunipanda puani kabla sijamimina hata tone. Ni harufu kali, kama ya spiriti iliyochanganywa na sabuni ya bei rahisi. Hunirudisha Fridley, Minnesota, kule Marekani, kwenye kiti cha nyuma cha gari kuukuu la kijivu la Papa, mimi nikiwa na miaka kumi na minne kwenye karatasi na kumi na mitano mwilini, kalamu mkononi, nimenuna.

Mambo mengi ya utoto wangu nimeshayasimulia. Hili nimekuwa nikilikwepa, kwa sababu ndani yake mimi si mtu mzuri.

Tulikuwa wanne katika nyumba ya vyumba viwili. Papa alifanya kazi kiwandani, Mama alisafisha vyumba hotelini, kisha tulikuwapo sisi wawili: mimi Riziki, na Espe, mtoto wa mama mdogo. Mama yake Espe alifariki kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma tulipokuwa wadogo sana, hata sura yake siikumbuki. Tangu hapo Espe alilala kitanda kimoja nami, tukala sahani moja, na Papa akawa baba mkubwa wake. Ungetuona njiani ungedhani ni mapacha, ila yeye alikuwa mrefu. Urefu huo ndio ulioniponza.

Siku ya kuandikishwa kambini hatukuwa na vyeti vya kuzaliwa. Vilibaki Kongo pamoja na sufuria, godoro na kila kitu kingine. Karani alitutazama kwa macho tu. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kuugua malaria, shingo nyembamba, tumbo mbele. Espe alisimama wima kama askari. Karani akamwandika mwaka mmoja juu yangu, na tarehe akatupa wote ya kwanza Januari, kama alivyowapa wengi. Baadaye, katika jengo letu la Fridley lililojaa Wakongo, karibu kila mtu alizaliwa siku moja, na walimu wa shule walidhani ni desturi yetu.

Mama alijua fika kwamba mkubwa ni mimi. Espe alipozaliwa mimi nilikuwa nimeshaanza kukaa mwenyewe. Lakini kurekebisha kungerudisha faili letu la kuhamia Marekani nyuma kabisa ya foleni, na Mama alikuwa amechoka kungoja. Akanyamaza.

Kwa miaka mingi kosa lile halikunisumbua. Lilianza kuniuma Espe alipopata ruhusa ya kugusa usukani.

Kule Minnesota kijana hapewi leseni kwa mkupuo. Hupanda ngazi. Kwanza husoma sheria darasani saa thelathini, hufanya mtihani wa maandishi, na akitimiza miaka kumi na mitano hupata kibali cha kujifunzia, ambacho Papa alikiita permi kwa Kifaransa chake. Hapo huendesha na mwalimu saa sita, na pamoja na mzazi saa hamsini, kumi na tano kati yake gizani. Saa hizo huandikwa kwenye karatasi na mzazi hutia sahihi. Akifika miaka kumi na sita ndipo anaruhusiwa kufanya mtihani wa barabarani, na hata akifaulu, miezi ya mwanzo haruhusiwi kujaza marafiki garini. Nilizijua sheria hizi zote. Nilikisoma kitabu cha Espe kuliko Espe mwenyewe, nikimuuliza maswali kitandani, na alipokosea nilifurahi.

Alipata permi yake Januari ileile alipotimiza miaka kumi na mitano ya karatasi. Mama alikibeba kile kikadi hadi kanisani, kikapita mkono kwa mkono kama picha ya harusi. Mama mmoja akanigeukia na kuniambia, "Na wewe mdogo wake, zamu yako itafika." Mdogo wake. Nilitabasamu kwa meno tu.

Kuanzia hapo Jumapili zetu zilibadilika. Tukitoka ibadani, Papa alitupeleka kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya duka moja lililofungwa. Alikuwa akiniachia kiti cha mbele siku zote, maana Espe alipenda kusinzia nyuma, lakini sasa Espe alishika usukani, Papa akakaa pembeni yake, mimi nikasukumwa nyuma. Na Papa yule, ambaye nyumbani alirudi amechoka hata salamu akaijibu kwa kope, pale alikuwa mtu mwingine. Alizungumza. Alicheka. "Fre, mama, fre, taratibu," alimwambia, akimaanisha breki, na mguu wake ulikanyaga hewani kana kwamba na yeye alikuwa na pedali. Espe alipoegesha gari sawasawa mara ya kwanza, Papa alimpiga bega na kusema, "Huyu atatubeba wote." Mimi nilikuwa nyuma pale. Nilikuwa sehemu ya hao wote.

Ile karatasi ya saa nilipewa mimi. Papa hakujiamini kuandika Kiingereza, na mwandiko wangu ulisifiwa shuleni. "Riziki ndiye sekretari," alisema, na alidhani amenipa heshima. Kazi yangu ilikuwa kutazama saa tukianza, kutazama tena tukimaliza, na kuandika tarehe na dakika, kisha kuirudisha karatasi kwenye kidroo cha dashibodi.

Sikupanga kuiba. Jumapili moja ya Machi, siku niliyozaliwa kweli, siku ambayo Mama hunikaangia mandazi na kunisimulia mvua iliyonyesha nilipofika duniani, Papa alisahau. Alimfundisha Espe saa nzima kuingia barabara kubwa, akamsifia njia yote, na tulipofika nyumbani hakuna aliyeniambia neno hadi Mama alipofungua mlango. Nilikuwa nimeshaandika. Badala ya dakika sitini nilikuwa nimeandika thelathini.

Hakuna aliyeona, na nikalala usingizi mzuri. Jumapili iliyofuata nikaandika arobaini badala ya sitini. Haikuwa kila wiki. Kuna wiki nilimpenda Espe na kuandika haki yake yote, hasa alipokuwa amenichekesha njiani. Wiki nyingine alitazama kioo cha kati na macho yetu yakakutana, nikaona kama ananicheka, nikakata robo saa.

Kiangazi kikapita, majani yakapukutika. Novemba giza lilikuwa linaingia saa kumi na moja jioni, wakamaliza saa zao za gizani kabla ya chakula. Espe aliniuliza mara moja tu, "Tumefika ngapi?" Nikamjibu, "Zinatosha." Hakuuliza tena. Aliniamini, na hilo nalo liliniudhi.

Mwezi wa Desemba Mama Njeri, Mkenya muuguzi tuliyesali naye, alimwita Espe pembeni baada ya ibada. Alifanya kazi katika nyumba ya wazee kule Blaine, mji wa jirani. "Jikoni wanatafuta msichana wa weekend," alisema. "Nimeshawaambia juu yako. Lakini Sunday hakuna basi ya kufika huko. Lazima uweze ku-drive mwenyewe, na wanataka mtu kabla January iishe." Espe alimshika mikono yote miwili akaitikisa. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiimba chinichini.

Nilisikia kila neno. Nilikuwa na wiki tatu za kusema ukweli. Papa angeweza kutoka naye kila jioni na pengo likazibika. Wiki ya kwanza nilijiambia nitasema Jumapili. Jumapili nilijiambia labda kule ofisi ya leseni hawajumlishi.

Walijumlisha.

Siku ya mtihani ilikuwa ya baridi kavu, ile inayogandisha vinyweleo vya pua. Espe alivaa sweta la Mama la kanisani. Papa alitia sahihi karatasi hapohapo kaunta, bila kuisoma, akamkabidhi mama aliyekuwa nyuma ya kioo. Yule mama alipitisha kalamu mstari kwa mstari, akabonyeza kikokotoo, akabonyeza tena. Kisha akairudisha karatasi, akasema kwa upole kwamba saa ni thelathini na nne, bado kumi na sita, na kwamba nafasi nyingine ya mtihani ingepatikana mwishoni mwa Februari.

Espe aliitazama karatasi. Papa aliutazama mwandiko. Mimi nilitazama viatu vyangu, na maji ya theluji iliyoyeyuka yakitiririka kuelekea mlangoni.

Garini Papa alishika usukani mwenyewe. Hakuliwasha gari.

"Riziki, siku ile tulienda hadi Blaine na kurudi, tulitumia muda gani?"

"Sikumbuki, Papa."

"Mimi nakumbuka. Ilikuwa saa moja na nusu. Hapa umeandika dakika arobaini."

Alingoja, na kungoja kwake kulikuwa kubaya kuliko kofi. Hatimaye nikamwambia andika upya, Papa, weka saa za kweli, mimi nitakusaidia kuzikumbuka. Alitikisa kichwa.

"Hapana. Karatasi za kukisia zimetutosha katika familia hii. Ataziendesha upya hizo saa, na wewe utaziandika."

Jioni ile, chumbani, Espe aliketi ukingoni mwa kitanda akivua sweta la Mama polepole. Sisi wawili tulizoea kuongea Kiingereza. Siku hiyo aliongea Kiswahili, cha nyumbani.

"Ulikuwa unakata ngapi?"

"Si kila mara."

"Nimekuuliza ngapi."

"Nusu. Wakati mwingine robo."

"Juu ya nini?"

Mwaka mzima nilikuwa nimejitayarishia jibu la swali hilo, na lilipotoka lilikuwa dogo. "Kwa sababu mkubwa ni mimi."

Alilikunja lile sweta vizuri, mikono ndani, kama Mama anavyokunja. "Nani amekataa? Kila Machi namsikia mama mkubwa akikuhadithia. Mvua, na mkunga aliyechelewa, na namna ulivyolia. Wewe unajua saa uliyozaliwa, Riziki. Mimi niko na ile ya kwanza Januari, basi. Mtu aliyejua yangu yuko Kigoma, kwenye udongo. Ningeweza kukupa huo mwaka, ningekupa leo."

Kisha akalala akitazama ukuta. Nilidhani anatafuta namna ya kunitia huruma, na bado nilikuwa na hasira naye. Nawaambia hivi ili mjue wivu ulikuwa umenifikisha wapi.

Kazi ya Blaine alipewa msichana mwingine. Mama Njeri alisikitika, lakini angefanya nini. Wiki tano mfululizo, karibu kila jioni, Papa alirudi kutoka kiwandani, akanywa chai amesimama, na tukatoka watatu kwenye barafu. Niliandika kila dakika. Hakuna aliyenisema. Februari ilipokwisha Espe alifaulu mtihani kwa mara moja, na kiangazi akapata kazi ndogo jirani na kwetu, ya kupanga nguo dukani. Mimi nilipata leseni yangu mwaka mmoja baada yake, kama karatasi zilivyotaka. Papa alinifundisha kwa upole uleule na utani uleule. Nilitegemea kuona raha ambayo sikuiona. Nilipokuwa naendesha nilihesabu moyoni zile saa kumi na sita.

Miaka imepita. Espe sasa ana mume, na mwaka juzi alikuwa mjamzito wa mtoto wake wa kwanza. Jumapili moja tulikuwa jikoni kwa Mama, tukichambua maharage, Espe ameweka miguu juu ya kiti. Akasema, kama mtu anayesema habari za hali ya hewa, kwamba kliniki wamemuuliza kama mama yake alipata shida wakati wa kumzaa, naye amewaandikia hajui.

Mikono yangu ilisimama. Miaka yote ile mimi na Mama tulikuwa tumesimuliana mvua yangu mbele yake, na haikuwahi kunijia kuuliza swali la pili.

"Mama," nikasema, "siku Espe alipozaliwa ulikuwa wapi?"

Mama aliweka chini ungo. Kisha akasema alikuwa shambani, mimi niko mgongoni, na maharage yalikuwa yametoa maua. Mwanamke aliyekuwa akitoka sokoni alipaza sauti toka njiani, kwamba mdogo wake Mama amejifungua msichana, salama, alfajiri, bila shida yoyote, na kwamba mtoto ana nywele hadi kwenye paji la uso. Mama alitupa jembe. Alicheza pale pale kwenye matuta nami mgongoni, akakanyaga maharage ya watu.

"Bila shida?" Espe aliuliza.

"Bila shida. Alikutaka sana, mdogo wangu yule. Mbona hukuniuliza siku zote hizi?"

Espe alikuwa ameshika mdomo kwa vidole, na machozi yakimpita juu ya vidole.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano niliamini Espe amechukua kilicho changu: kiti cha mbele, sifa za Papa, jina la mkubwa. Sikuona kwamba mimi nilikuwa na mtu wa kunikumbuka tangu siku ya kwanza, na kwamba nililala kila usiku ubavuni mwa mtu ambaye hakuwa na hata mmoja. Zile saa kumi na sita Papa alimrudishia. Kazi haikurudi, na sijui ningeirudisha vipi. Nilichoweza kumpa ni swali lile moja, nalo nilichelewa nalo zaidi ya miaka kumi.

"Maua ya maharage," Espe akasema baadaye, akijifuta uso. "Ni mwezi wa ngapi huo, mama mkubwa?"

Na Mama akaanza kuhesabu kwa vidole.