Marahaba na Herufi Zake Tano Zilizoshiba

Babu yake baba yangu aliitwa Rwezaura, ila Kibingo nzima ilimwita Marahaba, na jina hilo alilichukia mpaka kaburini. Usicheke kwanza, ngoja tufike.

Miaka ya hamsini babu alikuwa anaandika majina ya maduka pale Nkwenda. Aliijua aina moja tu ya herufi: nene, zimesimama wima, unene uleule juu mpaka chini, hazina mikia wala madoido. Akiandika CHUMVI ukutani, mtu wa kilima cha pili anaisoma huku anapalilia migomba. Yeye mwenyewe mwembamba kama fito. Herufi zimeshiba kuliko familia yake.

Sasa, babu alimtaka Kokubanza. Baba wa binti, Mzee Byabato, alikuwa mwenyekiti wa kigango, na kero yake ilikuwa watu kusalimiana misa ikiendelea. Si unajua salamu za kwetu? Wewe, watoto, ng'ombe, mpaka ule mgomba ulioangushwa na upepo.

"Niandikie KIMYA ukutani," Byabato akamwambia. "Wakinyamaza, mlete mshenga wako. Wasiponyamaza, usikanyage uani kwangu."

Babu akaandika nje, kando ya mlango wa kanisa. Herufi tano, kila moja urefu wa mtu mzima, nyeusi tii kwenye chokaa nyeupe. Jamani, kuna maneno hayafai kuandikwa hivyo. KIMYA ile ilikuwa inapiga kelele!

Jumapili, wa kwanza kufika ni Bibi Adelgunda, mama yake Byabato, macho yameingia ukungu. Kaona wazee watano wanene wamesimama mlangoni. Mila ni mila, akapiga magoti.

"Shikamooni, wazee wangu."

Zikamkodolea tu.

"Nasema shikamooni!"

Na bibi wa zamani akishapiga magoti hainuki mpaka aitikiwe. Nyuma yake watu wakajazana, hakuna anayepita.

"Mama, inuka, hizo ni herufi," Byabato akanong'ona.

"Hata kama ni herufi! Zimelelewa na nani?"

Babu alikuwa kajificha nyuma ya ukuta, anaiona harusi yake inayeyuka. Akakaza koo, akatoa sauti nzito ya kizee: "Marahabaaa!"

Kigango chote kikaangua kicheko. Byabato akamvuta shati. "Mwehu wewe! Unapokea shikamoo ya mama yangu?"

Bibi akainuka, akajikung'uta magoti. "Mwache. Nimepiga magoti mbele ya watu na huyu ndiye kaitikia. Sasa ni mume wangu. Kokubanza mjukuu wangu, njoo umsalimie mume wetu, mke mwenzangu!"

Nani abishane na mama? Mshenga alienda wiki hiyohiyo.

KIMYA haikufutwa. Kila Jumapili mchokozi mmoja aliiamkia, na kigango kizima kikaitikia, "Marahaba!" Byabato alikoma kuwanyamazisha watu.

Haya, kwenu nani kabebeshwa jina la aibu, na lilimgandaje? Shusha stori hapo chini. Na uandike kwa herufi nene, bibi zetu wasome.