Ijumaa Tuliyompelekea Yesu Kuni

Waliokuwa kanisani siku hiyo nawakumbuka wote, na wacha niwataje kwanza ili usipotee njiani. Kulikuwa na Susu wangu Kalondu, mama mzazi wa baba yangu, ndiye alinilea. Kulikuwa na Mutisya, mwinjilisti wetu, mtoto wa dada yake Susu, kwa hivyo mimi nilimwita baba. Kulikuwa na Wanza, jirani yetu wa shamba la chini, kiongozi wa akina mama. Kulikuwa na Mama Halima, mwenye duka pale Mukuyuni, Mwislamu aliyekuja na mume wake kutoka upande wa Garissa. Jina lake hasa lilikuwa Fatuma, lakini hilo alitumia mume wake peke yake. Kulikuwa na Halima mwenyewe, rafiki yangu, dawati letu lilikuwa moja. Na mimi Mbithe, miaka kumi au kumi na moja hivi. Wengine ningeweza kukutajia mpaka yule kijana wa Nduku aliyecheka, lakini hao sita wanatosha.

Nimewakumbuka kwa sababu ya Ijumaa Kuu iliyopita. Mjukuu wangu alinipeleka kanisani, kanisa lile lile, ingawa siku hizi lina vigae chini na spika kubwa kama kabati. Ibada iliisha nikiwa bado natafuta mahali pazuri pa kuweka mgongo. Watu wakatoka wakicheka, wakasalimiana, wakaenda kununua nyama. Nikabaki nimekaa. Mjukuu akaniuliza, "Nyanya, unangoja nini?" Nikamwambia nangoja saa tisa. Hakuelewa, na wewe pia huelewi, kwa hivyo nikueleze.

Kwetu Ukambani mtu akifiwa hawezi kuachwa akahangaika na moto wake. Majirani ndio hubeba kuni, maji na unga, wakaenda kukaa naye chini. Na kitu ukishakipeleka kwenye kilio, hakirudi nawe nyumbani. Sasa Mutisya, mwinjilisti wetu, mwaka mmoja alisimama akatuuma na maneno. Alisema, "Kila mwaka mnaimba Yesu amekufa, amekufa, na hakuna hata mmoja wenu amewahi kumpelekea kuni!" Akina mama waliona haya. Tangu hapo Ijumaa Kuu ikawa kilio kamili. Asubuhi hakuna moto uliowashwa nyumbani, tulikula muthokoi baridi ya jana, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, imegandana kama udongo. Hakuna kushikana mikono. Akina mama walipanda mlima na mizigo ya kuni, kamba kwenye kipaji, wakilia njiani kulia kwa kweli. Waliotoka juu Nunguni walikuja na viazi, wa Matiliku na unga. Kuni zilipangwa ukutani, na Jumapili ya Pasaka alfajiri ndipo ziliwashwa, chai ikapikwa ya watu wote kwa kuwa aliyekufa amefufuka. Hiyo chai, rafiki yangu, moshi wake nausikia mpaka leo puani.

Na saa sita mlango ulifungwa. Ukafunguliwa saa tisa, saa aliyokata roho. Katikati hakuna kutoka, hata kama ni haja ndogo.

Wiki ile mimi na Halima tulikuwa tumegombana. Tulienda pamoja kuchota maji kwenye mto wa mchanga. Unafukua kwa mikono, unangoja maji yajikusanye, unachota na kata polepole usiyachafue. Kungoja kule ndiko kulileta mazungumzo. Nikamwambia Ijumaa tunamlilia Yesu. Halima akasema, "Isa hakufa."

"Alikufa. Msalabani."

"Hakufa. Mungu alimpandisha juu akiwa mzima. Watu waliona tu kama wamemuua."

"Na yule waliyemwona msalabani akitoka damu alikuwa nani?"

"Mwingine. Ama walionyeshwa tu. Sijui, uliza mama."

"Na huyo mwingine, mama yake hakumlilia?"

Halima akasema, "Wewe Mbithe unapenda watu wafe." Nikamrushia mchanga. Tukarudi kila mtu na njia yake, na mimi moyoni nikisema nitamwonyesha.

Basi Ijumaa hiyo nilitumwa na kibuyu cha maji mbele ya akina mama. Nikapita kando ya duka. Mama Halima alikuwa mlangoni, ameona kuni zikipita na wanawake wakilia. Ujue mwaka uliotangulia alikuwa amefiwa na mtoto mchanga, na akina mama wetu walimpelekea kuni, Susu akiwa mbele. Hakuwa amesahau. Akaniita, "Mbithe, mwanangu, kuna kilio?"

"Ndio, mama."

"Maskini. Nani?"

Hapo ndipo ninaporudi kila mara. Ningesema Yesu. Ni neno moja, na ningeendelea na kibuyu changu. Lakini niliona vizuri akilini mwangu jinsi angekuja akaona machozi ya Susu, akaenda kumwambia Halima, "Kumbe ni kweli alikufa." Nikasema, "Ni mtu wetu mkubwa. Susu hajala tangu jana."

Akashika mdomo. Akaingia dukani haraka.

Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, mimi karibu na Susu, mlango ukiwa karibu kufungwa, alipoingia na Halima nyuma yake. Alikuwa amejifunika shuka nyeusi, mkononi pakiti kubwa ya sukari katika karatasi ya kaki, na majani ya chai juu. Siku hizo sukari ilipimwa kwa kijiko. Akaja moja kwa moja, akakaa chini upande wangu wa pili, mimi nikawa kati yao, akanyoosha mkono akauweka begani kwa Susu kwa heshima. Nyuma nikasikia mlango ukigonga na komeo likiteleza.

"Pole, mama. Pole sana. Ni nani ametutoka?"

Susu alimwangalia na macho mekundu. "Si ni Yesu."

Mama Halima aliangalia kuni zilizopangwa ukutani. Halafu akaweka mkono kifuani, pumzi ikamtoka, akasema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, "Alhamdulillahi! Nilidhani mtu amekufa."

Yule kijana wa Nduku akacheka. Wengine hakuna.

Nakuambia, jua lilikuwa linapiga mabati, yakalia ta, ta. Mutisya akafunga kitabu polepole na kidole ndani. Wanza akainama akamwambia Susu, si kwa kunong'ona sana, "Kalondu, huyu si ndiye umempa nyumba?" Maana lile duka lilikuwa jengo la babu yangu, na babu alipokufa, neno likawa la Susu. Wakae au watoke, ilikuwa ni yeye. Hapo nikaanza kuelewa nilichofanya.

Mutisya akahubiri. Alikuwa ameandaa maneno ya wanyang'anyi wawili, lakini aliyaacha. "Wako watu," akasema, "wanaosema hakufa! Kama hakufa, hizi kuni ni za nani? Kama hakufa, dhambi zako nani alizibeba, ni punda?" Watu wakasema amina. Kila amina, Mama Halima aliinamia ile sukari mapajani. Halima alikuwa amejikunja nyuma ya mgongo wake, uso haupo. Na mimi katikati, bega langu limebanwa na bega la mama yake upande huu na goti la Susu upande ule, nikisikia wote wawili wakipumua. Jasho la nani lilikuwa la nani sikujua. Niliangalia mlango. Kivuli cha dirisha kilikuwa hakijasogea hata upana wa mkono.

Mwishowe Mama Halima akasema, kwa adabu, "Mzee, samahani. Mimi sikuja kubishana. Hata sisi tunampenda Isa. Tunasema tu Mungu hakuwapa nafasi ya kumuua. Nilisikia kuna kilio, nikaja kwa jirani yangu."

Susu akamgeukia. "Ulisikia kwa nani?"

Akili yangu ilikimbia kama panya ndani ya debe. Nikisema ni mimi niliyemwambia, Mutisya ataniuliza, ulimdanganya? Na nikijibu nilimdanganya, basi ni kusema hakuna aliyekufa, na nimemkana Yesu siku ya kufa kwake mbele ya kuni zake. Na kama sikumdanganya, basi kwa nini sikutaja jina? Kila upande ukuta.

Mama Halima hakuniangalia. Bega lake tu lilijisogeza kidogo. Akasema, "Niliona kuni zikipita."

"Kwenu hamlii wafu?" Wanza akauliza.

"Tunalia, mama. Wafu."

"Basi mnamnyima kilio," Susu akasema, na sauti yake ilikuwa imevunjika, haikuwa ya hasira peke yake. "Mtu ateseke vile, halafu mseme hata hakuwa yeye. Mnamnyima kilio chake."

"Na nyinyi, mama," akajibu polepole, "mnamlilia aliye hai."

Mutisya akapiga meza. Kisha akaniita. Mimi ndiye niliyejua mistari kuliko watoto wote. "Mbithe! Simama. Mwambie mgeni. Yesu alikufa ama hakufa?"

Nikasimama. Magoti yalikuwa na alama za mkeka. Hapo, ndugu yangu, mlango ulikuwa wazi na sikuuona. Ningesema, alikufa, na huyu mama alikuja kulia kwa sababu mimi nilimwita, kwa hivyo amekuja kwa haki. Ni maneno machache, hakuna hata moja ambalo lingekuwa uongo wala kumkana mtu. Nimeyapata nikiwa mzee, meno yameisha. Siku hiyo nilisema, "Alikufa." Watu wakasema amina. Nikakaa.

Tulikaa hapo mpaka saa tisa. Hakuna aliyemwambia Mama Halima atoke, na komeo halikufunguliwa. Wakati wa kupiga magoti alikaa vile vile, mikono imeshika karatasi mpaka ikalowa. Mlango ulipofunguliwa, alimwekea Susu sukari mbele yake. Susu hakuipokea. Mama Halima naye hakurudi nayo, tulikuwa tumemfundisha wenyewe kwamba hairudi. Iliachwa hapo kwenye mkeka.

Jumapili kuni ziliwashwa, na chai ya Pasaka ilikuwa tamu kuliko miaka yote. Hakuna aliyeuliza utamu umetoka wapi. Mutisya alikunywa vikombe vitatu. Mimi nilikunywa viwili.

Wiki iliyofuata Susu alituma neno dukani. "Siwezi kukaa na mtu anayecheka kwenye kilio changu." Nilikuwa napepeta kunde uani nikasikia, nikaendelea kupepeta. Nilikuwa nimejiambia nitasema jioni. Jioni nikasema kesho. Kabla mahindi hayajakauka, walipakia magunia yao kwenye lori wakaenda, wengine walisema Garissa, wengine Mwingi. Halima hakuwa ameniongelesha tangu Ijumaa ile. Dawati likawa langu peke yangu, na nilikuwa siwezi kukaa katikati yake.

Siku hizi hapo kwa duka wanauza dawa za mifugo. Mutisya, Susu, Wanza, wote wametangulia. Ile desturi ya kuni ilikufa na Mutisya, na vijana wakisikia wanaona kama ni hadithi. Hakuna anayefunga mlango saa sita. Mjukuu wangu ana marafiki Waislamu, wanakula pamoja, wanabishana juu ya mambo haya haya wakicheka, kila mtu anaenda kwake. Nawatazama, nawaonea wivu. Lakini pia sijaona tena mtu akimlilia Yesu kama Susu alivyomlilia, kama mtu wa nyumba, wala sijaona mwingine akibeba sukari yake yote ya wiki kwa ajili ya msiba asioujua. Vyote viwili vilikuwa ndani ya chumba kimoja, na mimi katikati yake.

Sasa wewe unayesoma, kama ni mtu wa Mukuyuni wa umri wangu, ulikuwepo, nirekebishe. Na Halima, kama bado uko na mtu anakusomea hii, wewe ndiye hasa. Ulikuwa nyuma ya mgongo wa mama yako akitoka, uliona kuliko mimi. Mimi nakumbuka alipofika mlangoni alirudi hatua mbili, akaniwekea kiganja kichwani, kizito, chenye joto, halafu akaenda. Nakumbuka hivyo miaka yote. Lakini naogopa nilikibuni, nilijiwekea mimi mwenyewe, kwa sababu nilikihitaji. Kama hakurudi, niambie tu, Halima. Niambie hakurudi.