Uzi wa Ndururu

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba nakusanya sarafu za kale kwa kupenda historia. Nimewaambia hivyo wanafunzi wangu, nimemwambia mume wangu alipokuwa akitafuta nafasi ya kuweka mashati kabatini, na mara moja nimelisema redioni kwa sauti ya upole ambayo sina. Kila aliyeuliza kama kulikuwa na sababu nyingine, nilikana. Ilikuwapo. Nilikusanya sarafu kwa chuki. Nilikuwa namsaka mwizi, na jina lake nililijua, nyumba yake niliijua, hata mwendo wake niliujua. Kilichobaki ni ushahidi.

Mwizi huyo alikuwa binamu ya baba yangu. Alikaa kwetu Kibugu, ng'ambo tu ya mpaka wa shamba letu, na kwa desturi nilipaswa kumwita baba mdogo. Sikumwita chochote. Nyumbani kwetu alikuwa "homgadi", yaani askari wa kijiji wa upande wa wakoloni, hata baada ya bunduki yake kurudi serikalini na yeye kubaki mzee wa kawaida mwenye shamba la chai na mgongo mbaya.

Kitu tulichoamini ameiba ni chungu kidogo cha nyanya yangu, mama yake baba. Ndani yake mlikuwa na rupia chache za fedha ambazo babu alirudi nazo kutoka kubebea wazungu mizigo katika vita vya kwanza. Moja ilikuwa na tundu lililopita shavuni mwa malkia wa zamani. Mhunzi aliitoboa ili nyanya aivae shingoni. Pamoja na rupia mlikuwa na uzi wa ndururu, zile senti tano zenye tundu katikati. Kila mjukuu alipozaliwa, nyanya alitunga ndururu moja na kuipigia fundo. Mtoto ambaye hajafungwa kwenye uzi, alisema, ni mgeni tu. Anaweza kuaga wakati wowote. Nilipomkasirisha alitishia kuifungua yangu, nami nilimtii haraka kuliko nilivyowahi kumtii mkuu wa idara yoyote.

Hali ya Hatari ya wakoloni dhidi ya wapiganaji wa msituni ilipopanda hadi kwetu mlimani, baba alichukuliwa kizuizini. Kisha askari wakaja kutuhamisha. Tulipewa asubuhi moja kubomoa nyumba na kuingia kijijini, yaani vibanda vya nyasi vilivyobanana, vikizungukwa na handaki lililojaa miti iliyochongwa ncha. Kabla hawajafika uani kwetu, nyanya alikifukia chungu chini ya mmea wa mpaka, ule wenye kichwa kama kitunguu ardhini, ambao wazee waliupanda kutenganisha shamba na shamba. Alifikiri sawasawa kabisa. Nyumba ingechomwa, migomba ingefyekwa, lakini mmea wa mpaka hauguswi na mtu, kwa sababu anayeung'oa anajiitia laana yeye na kizazi chake. Kati ya vitu vyote duniani, nyanya alichagua kimoja alichoamini hakiwezi kuhama. Kosa hilo lingeweza kufanywa na watu wetu peke yao.

Kijijini homgadi alilinda lango. Yeye ndiye aliyejua nani atoke kwenda kuchimba viazi na nani abaki. Binti yake, rika langu, tuliyekuwa tukicheza naye kabla ya handaki, alikula maharagwe mlangoni pao punje moja moja ili tumwone vizuri. Mama yangu alichimba handaki akiwa na mimba, na humo kijijini akajifungua mtoto wa kiume.

Nyanya hakushangilia. Alizunguka kibanda akisema mtoto hajafungwa, uzi uko nje, nani atamvusha. Kwa kafyu ile, amri ya kutotoka nje, hakuruhusiwa hata kwenda kuchota maji peke yake. Mtoto akaanza kuharisha. Mvua zile zile zilizomleta zikamchukua, na kabla hazijakatika zikamchukua na nyanya. Mama hakumtaja tena mtoto yule. Hana kaburi ninalolijua, hana cheti wala picha. Baba alipoachiliwa alikuta idadi ya watoto ni ile ile aliyoiacha.

Wakati huo serikali ilikuwa imeamua kuunganisha mashamba. Wapimaji walikuja na minyororo na vigingi, wakang'oa mimea yote ya mpaka Kibugu, na hakuna hata mmoja wao aliyepatwa na homa. Laana, inaonekana, ilikuwa ya wenyeji tu. Vipande vyetu vilivyotawanyika vilifanywa shamba moja upande wa chini. Mahali palipokuwa na nyumba yetu ya zamani, pamoja na ule mpaka, palipewa homgadi. Palikuwa pamesawazishwa hata hatukujua pa kusimama na kusema: ilikuwa hapa.

Mama alisimama mbele ya baraza la mashamba akamnyooshea kidole.

"Huyu peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kutembea huko nje. Amechimbua chungu cha mama mkwe wangu. Na sasa mnampa na shimo lenyewe!"

"Sikuchukua kitu," homgadi alijibu. "Nilichofanya anakijua aliyelala."

Watu walicheka. Jibu la namna hiyo, tulisema, ni ungamo lililovaa koti. Tangu siku ile nyumba zetu mbili hazikula pamoja. Hawakuja kwenye mazishi yetu, nasi hatukwenda kwenye harusi zao. Waliovuka mpaka mpya ni kuku tu, na nadhani hata wao walijisikia wasaliti.

Chuo kikuu kilinipa lugha ya kuipamba chuki hii. Nilijifunza kwamba sarafu haisahau, kwa sababu imechapwa jina la mtawala na mwaka, hivyo chochote ilichofukiwa nacho hakiwezi kuwa kimefukiwa kabla ya mwaka huo. Nilinunua kioo cha kukuzia na kuanza kusoma ndururu kama wengine wasomavyo magazeti. Kuna mfalme ambaye hakumaliza hata mwaka kitini, lakini senti zenye jina lake zilifika Kibugu zikanunua chumvi kana kwamba hakuna lililotokea. Kuna mwaka ambapo cheo cha kuitawala India kilitoweka kwenye duara la maandishi; waliokuwa wamepoteza India nzima walifuta herufi chache, basi. Niliyapenda mambo haya, siwezi kudanganya. Lakini kila niliposhika rupia, jambo la kwanza nililotazama lilikuwa shavu la malkia.

Niliitafuta hiyo rupia hadi Meru, kwenye vijiduka vya Majengo, nikiamini kwamba homgadi asingeuza mali ya wizi karibu na kwao. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja karibu na msikiti aliyeweka fedha za kale katika mkebe wa kahawa. Ziara ya kwanza nilimweleza kwa kirefu, kama mjinga, kwamba natafuta rupia yenye tundu shavuni. Ziara ya pili aliniwekea moja kwenye kiganja.

Tundu lilikuwa linang'aa. Lilikuwa bado linanuka mafuta ya mashine.

"Mzee, hili umelitoboa leo asubuhi."

"Mama, ulisema unataka yenye tundu. Hilo si tundu?"

"Nataka tundu la zamani!"

"Likae hapa kwangu lizeeke, basi. Wewe rudi baada ya Ramadhani." Mwenye bucha wa mlango wa pili alicheka mpaka akaweka kisu chini, akasema, "Msomi anakuja na gari kutoka Embu kutafuta tobo!"

Niliinunua. Nina rupia nne za namna hiyo, zote zimetobolewa kwa ajili yangu na wafanyabiashara mbalimbali, na kwenye mkusanyiko wangu ndizo pekee zinazoeleza historia ya mtu ninayemjua vizuri.

Kisha, mwaka huu, binti wa homgadi alikuja nyumbani kwangu Majimbo, mjini Embu. Hatukuwa tumesemezana tangu utoto. Alisimama mlangoni na viatu vyenye udongo mwekundu wa kwetu, akakataa kiti.

"Sikuja kukaa. Baba anaumwa, na hatapona. Anataka kitu kimoja. Uje usimame uani kwetu, mbele ya majirani, useme hakuiba."

"Mbona niseme mimi?"

"Mama yako amekufa. Nyumba yenu imebaki na mdomo mmoja, nao ni wako. Ulimtaja hata redioni."

"Nilisimulia tu chungu kilivyopotea. Sikumtaja jina."

"Ulisema 'homgadi mmoja wa Kibugu'. Kulikuwa na wangapi jirani yenu?"

Nilimwambia kwamba mimi ni mtu wa historia, na mtu wa historia hasemi asichokuwa na ushahidi nacho. Nilijisikia nikisema, na hata mimi nilitaka kujipiga kofi.

"Ushahidi wa kwamba aliiba unao?" aliuliza.

Niligeuka kutafuta vikombe.

"Hilo umelisema miaka yote bila ushahidi, na ulimi haukukuuma. Sasa nisikilize, mwalimu. Mzee akizikwa akiitwa mwizi, usikanyage Kibugu tena. Nitakutoa mimi mwenyewe kwa jembe."

"Kunywa chai kwanza," nilisema, kwa kumchokoza, maana nilijua hawezi kula kwangu.

"Kunywa wewe," akasema. "Inawezekana imetoka kwenye shamba letu. Ukae ukijua."

Akaondoka. Nilikaa na hasira tamu ya mtu aliyeshinda mabishano, ambayo ilidumu hadi simu ilipolia Jumapili iliyofuata, mchana. Alikuwa anapiga kutoka dukani Kibugu. Nilisikia watu wakibishana nyuma yake.

"Tumekipata," alisema, bila salamu.

"Nini?"

"Chungu. Nimeng'oa mistari mitatu ya chai ya baba yangu kwa sababu ya mdomo wako. Mzee alinionyesha kwa fimbo, akiwa amelala kwenye machela. Alipima kwa jiwe la mtoni huku na kilima kile. Kiko hapa mbele yangu, dukani, watu wanaona."

"Kwa nini hakuchimba miaka yote hiyo?"

"Achimbe mseme nini? Si mngesema anachimbua alichoficha!"

Hilo lilikuwa kweli kabisa, na kwa hiyo nililiruka. Badala yake nilikumbuka matundu ya Majengo yenye harufu ya mafuta. "Mmekiweka wenyewe juzi," nilisema. "Nisomee rupia."

"Ina tundu shavuni. Tundu jeusi, lina udongo. Nyingine ziko hapa pia."

"Uzi?"

"Umeoza nusu, lakini ndururu zimeshikana. Hii ni ya mfalme. Hii pia ya mfalme. Hii mfalme." Alisoma polepole, herufi kwa herufi, na mwenye duka akimsaidia. "Hii ya mwisho si ya mfalme. Imeandikwa jina la malkia."

Nilisimama. Malkia mpya. "Mwaka gani?"

Akausoma. Ulikuwa mwaka uliofuata kuhamishwa kwetu kijijini. Nakiri nilipiga kelele ya furaha mle nyumbani. Miaka yote ya kutazama mashavu, na sasa sarafu moja ilikuwa imesema.

"Basi kilifunguliwa!" nilimwambia. "Nyanya alikifukia kabla ndururu hiyo haijachapwa. Mtu alikwenda akakifungua sisi tukiwa ndani ya handaki. Nani aliyeruhusiwa kutoka?"

"Baba."

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema mimi. Endelea, mwalimu. Alichukua nini?"

Rupia zilikuwapo. Uzi ulikuwapo. Nilizipitia kichwani ndururu za wafalme, moja kwa kila mmoja wetu, na zote zilikuwapo. Hakikupungua kitu. Kilikuwa kimeongezeka. Ndipo nikauliza swali ambalo ningemwadhibu mwanafunzi kwa kutoliuliza kwanza.

"Hiyo ya mwisho, imefungwaje?"

"Si kwa uzi wa nyanya yako. Ni kamba ya kiatu. Ile ya buti, ya khaki. Imepigwa fundo kubwa, la mwanaume asiyejua kutunga."

Kijijini sote tulitembea miguu mitupu. Nilikaa chini.

"Nyanya yako alimpa ile ndururu mkononi pale langoni," alisema. "Mtoto alikuwa mgonjwa. Akamwelekeza mahali. Baba akaenda, akamfunga mtoto kwenye uzi, akafukia tena, akarudi akamwambia bibi: tayari. Wakubwa wake wangejua kwamba anatumwa na mama wa mfungwa, wangemtupa ndani naye. Baadaye alisema barazani kwamba anakijua aliyelala, yaani nyanya yako; hakuweza kumtaja mtoto aliyekufa huku mama yake amesimama pale. Mlicheka."

"Kwa nini hukuniambia ulipokuja?"

"Sikujua. Ameniambia jana, nilipoitoa ndururu. Akasema nikusomee tu, nisikueleze. Akasema huyo msichana ana kiburi lakini kusoma anajua, atafika mwenyewe."

Kila neno lililonijia lilikuwa la redioni.

"Alhamisi tunachinja," alisema. "Utasimama uani useme."

"Nitasema."

"Na utakula."

"Nitakula."

"Na hicho kioo chako cha kukagulia pesa, kiache Majimbo. Mzee anataka kukuona macho." Nyuma yake mtu alidai zamu yake ya simu. "Subiri!" alimkemea, kisha akanirudia, sauti bado kali. "Huyo mtoto aliitwa nani? Baba anauliza. Anasema alimfunga bila kujua jina."

Nikamwambia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka tangu kijijini. Akalirudia kwa sauti, ili watu wote wa dukani walisikie, halafu akakata simu.