Salamu Zilizonifaulisha Mtihani wa Kiingereza

Mimi shule niliiacha darasa la pili, na leo nina malori yangu na nyumba ya bati Iringa mjini. Kiingereza nilikiokota jikoni kwa mlowezi mmoja wa tumbaku, naosha vyombo huku nimetega masikio. Nilipoongeza na udereva, nani tena angenizuia?

Miaka ile ya hamsini migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa inatafuta madereva. Waliokuwa wakiandika watu pale Mbeya walitaka dereva anayejua Kiingereza, apimwe kwanza na Mzungu wao. Mimi kabla hata ya kupimwa niliaga kwetu Kilolo, na sikuaga kidogo. Ulanzi ulinyweka, mashangazi walilia, mjomba alichinja mbuzi, na mzee mmoja akatamka mbele ya watu kwamba binti yake atanisubiri mimi, mtu wa ng'ambo. Sasa nikishindwa, ningerudi na uso gani?

Asubuhi ya mtihani tulikaa barazani tunatetemeka kwa baridi ya Mbeya. Nyuma yangu alikuwapo Mnyakyusa mmoja aliyesoma mpaka darasa la sita. Wahehe tunataniwa kwamba tunakula mbwa, naye hakukawia.

"Mhehe, umekuja kupimwa au kutafuta kitoweo?"

"Kupimwa. Mbwa nitakula nikishafaulu."

"Basi leo unalala njaa, mtani."

Nikaitwa. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya moshi wa kiko cha Mzungu. Mezani palikuwa na picha ya gari moshi. Akaniambia kwa Kiingereza niieleze.

Jamani, kwetu Uheheni mtu haingii kwa mwenzake akaanza kueleza picha! Salamu kwanza, tena si ya kurusha kama unafukuza kuku. Unauliza mke, watoto, mifugo, mvua, mpaka nyumba nzima iishe. Na Kiingereza cha nyumbani ndicho nilichokuwa nacho. Picha nikaisogeza pembeni.

"Umeamkaje, bwana?"

"Vizuri. Picha."

"Na mama nyumbani?"

"Mzima. Eleza picha."

"Watoto?"

"Sina."

"Pole sana. Na mbwa?"

Barazani Mnyakyusa akapasuka. "Ameanza! Mhehe anaulizia mbwa!"

Sikugeuka. "Ni mnene?" nikamwuliza Mzungu.

Mzungu akaweka kiko chini. Mbwa alimwacha kwao Uingereza, akasema, kwa mama yake mzazi. Mama anakaa na nani? Peke yake. Na mvua huko ipo? Hapo nakwambia nilikuwa nimefungua bomba! Akanieleza mvua ya kwao, bustani ya mama yake, na jirani aliyekata mti wao bila ruhusa. Mimi natia "Oo!" na "Pole, bwana" panapostahili. Jirani yule nikamtukana kwa maneno ambayo mlowezi wangu alimwambia mpishi alipounguza keki. Mzungu akacheka mpaka akafuta macho.

Kengele ya chakula ikalia. Akashtuka, akaiona picha.

"Hujasema hata neno moja juu ya hii."

"Salamu hazijaisha, bwana. Bado shangazi."

Nilisema hivyo kifua mbele. Lakini moyoni nilishaanza kumwona binti wa Kilolo akiolewa na fundi baiskeli.

Mzungu akakuna kidevu. "Dereva wetu anashinda na Wazungu kutwa nzima, lazima aweze kuongea nao. Wewe unaongea. Umefaulu."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba arudie tena, safari hii kwa sauti, uso ameuelekeza mlangoni. Akasimama, akatangaza kama tarishi wa boma, na baraza zima likasikia.

Nikatoka polepole, kama anavyotoka mtu mkubwa. Mnyakyusa, zamu yake imefika, akanishika mkono, kicheko kimemkauka.

"Mtani," akaninong'oneza, "kweli shangazi umeniachia?"